Mionzi Aliyotoka Nayo Nyumbani: Kisa cha Stanley Watras na Gesi ya Radoni

Desemba 1984, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mhandisi wa ujenzi aitwaye Stanley Watras aliwatia watu wa usalama katika fumbo. Kila akipita kwenye mashine za kukagua mionzi, king'ora kinalia. Mashine hizo ziliwekwa kwa ajili ya wanaotoka, ili mfanyakazi asiondoke na vumbi lenye mionzi akalipeleka kwake. Wakatafuta ni wapi ndani ya kituo alikochafuka, wasipaone. Na kulikuwa na jambo lisiloingia akilini tangu mwanzo: kituo kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme.

Hatimaye Watras akafanya jaribio dogo. Alipofika kazini asubuhi, alipita kwenye zile mashine za kutokea kabla hajakanyaga eneo la kazi. King'ora kikalia vilevile. Kumbe mionzi hakuipata kazini. Alikuja nayo kutoka nyumbani.

Wengi wanaosimulia kisa hiki hukimbilia tarakimu za kutisha zilizofuata. Kwa maoni yangu, lile jaribio la mlangoni ndilo lenye funzo kubwa kuliko tarakimu zote. Hadi siku ile kila mtu alijua kuwa kuna mionzi. Hakuna aliyekuwa ameuliza kwa kipimo imetoka upande gani. Mtu akigeuza mwelekeo wa kupita, basi, swali likajibiwa kwa dakika moja. Kisa kizima cha radoni majumbani kinahusu hilo: gesi yenye mionzi ambayo hakuna hisia ya mwanadamu inayoweza kuigundua, na ambayo dhana zetu kuhusu hatari iko wapi hutupeleka upande usio wake. Yeyote angeambiwa achague kati ya kituo cha nyuklia na sebule ya familia, angenyooshea kidole kituo.

Hewa ya nyumba yake, karibu na mji mdogo wa Boyertown, ilipopimwa ilikutwa na radoni takriban pikokuri 2,700 kwa lita (pikokuri na bekereli ni vizio vya kupimia mionzi), yaani karibu bekereli 100,000 kwa kila mita moja ya ujazo. Kiwango ambacho Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilikuja kukiweka kuwa ndicho cha kuchukulia hatua ni pikokuri 4 kwa lita, sawa na bekereli 148. Nyumba ya Watras ilikuwa imekizidi karibu mara 700. Mwanzoni mwa Januari 1985 maofisa wa jimbo wakamshauri ahame pamoja na mke wake na watoto wao.

Gesi isiyoweza kunuswa

Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Kwa hiyo ndani ya kila mita ya ujazo ya hewa ya nyumba ile, atomu 100,000 za radoni zilikuwa zinavunjika kila sekunde, usiku na mchana. Hebu tufanye hesabu kidogo, maana inaondoa dhana moja sugu. Radoni-222 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8. Ukiunganisha kasi hiyo na bekereli 100,000, unapata atomu za radoni zipatazo bilioni 48 katika mita moja ya ujazo. Zinasikika nyingi. Lakini mita hiyohiyo ina molekuli za hewa nyingi kiasi kwamba atomu moja ya radoni inaangukia kati ya molekuli zipatazo trilioni 500. Na hii ni mojawapo ya nyumba zenye radoni kali sana kuwahi kupimwa. Ndiyo maana anayesema "kwangu ningeisikia harufu" au "hewa yetu ni safi, inapendeza" hajazungumzia radoni hata kidogo. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haikoholeshi, haiumizi kichwa. Hakuna dalili ya mapema ya kungojea. Kinachoweza kuiona ni kifaa kinachohesabu atomu zinapovunjika, basi.

Asili yake ni urani, madini yaliyomo kwa kiasi kidogo karibu katika kila udongo na kila mwamba duniani. Urani-238 hugeuka hatua kwa hatua kwa muda mrefu mno hadi kuwa radiamu-226, ambayo nayo hugeuka kuwa radoni. Vyote vilivyotangulia ni yabisi, vimebaki ndani ya mawe. Radoni ndiyo ya kwanza katika ukoo huo kuwa gesi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuweza kutoka. Ikitokea nje kwenye uwanja, hutawanyika, na hewa ya nje kwa kawaida huwa na bekereli 10 hivi kwa mita ya ujazo. Ikitokea chini ya sakafu, inaingia ndani na kukusanyika.

Sasa, nguoni mwa Watras kulikuwa na nini? Si radoni yenyewe. Radoni ni gesi isiyoshikamana na chochote. Angetoka nje tu ingempeperukia. Kilichomshika ni wazao wake. Atomu ya radoni ikivunjika hugeuka kuwa poloni-218, kisha risasi-214, kisha bismuthi-214, kisha poloni-214. Hizi ni metali, zinazaliwa zikiwa na chaji ya umeme, na hunasa kwenye vumbi, nywele, sweta na ngozi. Risasi-214 hupungua kwa nusu katika dakika 27 hivi, bismuthi-214 katika dakika 20. Ni muda mfupi, lakini unatosha mtu kutoka kitandani, kuendesha gari hadi kazini na kufika akiwa bado ana mionzi ya kutosha kuiamsha mashine.

Tabia hiyohiyo ya kunasa ndiyo inayoua. Radoni unayoivuta, sehemu kubwa unaitoa tena pumzi inapotoka. Wazao wake hawatoki. Wanaganda kwenye kuta za njia za hewa mapafuni, na poloni inapovunjika pale hurusha chembe ya alfa, nzito na yenye nguvu, inayosafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kabla ya kusimama. Ikirushwa juu ya ngozi ya mkono, tabaka la nje la seli zilizokufa linaizuia na hakuna linaloharibika. Ndani ya mapafu hakuna tabaka hilo. Nguvu yote inaishia kwenye seli hai, na safari moja ya chembe hiyo inaweza kukata vinasaba pande zote mbili. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka radoni katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Wala haikuwa habari mpya kabisa. Wachimba migodi wa Schneeberg huko Ujerumani walijulikana kwa karne nyingi kwa ugonjwa wa kifua uliowamaliza wakiwa bado na nguvu, na mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walionyesha kuwa ulikuwa uvimbe wa saratani mapafuni. Kilichokosekana hadi 1984 ni watu kukubali kwamba nyumba ya kawaida, isiyojengwa kwa mabaki ya mgodi, inaweza kuwa na hewa ya namna ile. Marekani ilikuwa imeshughulika na nyumba za Grand Junction, Colorado, zilizojengwa juu ya mchanga wa mabaki ya kusafishia urani. Hilo lilieleweka haraka, kwa sababu kulikuwa na kiwanda na taka zake. Watras hakuwa na taka yoyote. Alikuwa na ardhi tu.

Kwa nini nyumba ile

Boyertown iko juu ya ukanda wa miamba uitwao Reading Prong, unaoanzia karibu na mji wa Reading, Pennsylvania, ukapita New Jersey hadi New York. Ni miamba ya kale ya jamii ya itale, yenye urani nyingi kuliko kawaida katika baadhi ya sehemu. Baada ya kisa kujulikana, maelfu ya nyumba za ukanda huo zilipimwa na nyingi zikakutwa zimezidi kiwango. Lakini nyumba ya jirani wa Watras ilikutwa na radoni ya kawaida.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wenye nia njema wanapokosea. Wanaangalia ramani ya miamba, wanaona eneo lao si la hatari, wanatulia. Au wanasikia jirani amepima akapata kiwango cha chini, wanaona wamepimiwa na wao. Ramani ni ya kueleza eneo, haina habari za nyumba yako. Ili radoni ijae ndani, mambo matatu lazima yakutane: mwamba au udongo unaoitoa, njia ya kupitia ardhini hadi kwenye msingi, na nyumba inayoivuta. Urani ndani ya mwamba haikutandazwa sawasawa. Mshipa unaweza kupita chini ya nyumba moja ukaiacha ya pili. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huizuia gesi ikafa njiani kabla ya kufika juu, maana baada ya siku chache nyingi inakuwa imeshageuka. Changarawe na mwamba uliopasuka huipitisha upesi. Mita chache zinatosha kubadilisha kila kitu.

Kuhusu nyumba kuivuta: hewa yenye joto ndani hupanda na kutokea juu, kwenye dari na madirisha ya juu, na nafasi yake lazima ijazwe. Sehemu ya hewa ya kujazia inatoka ardhini. Nyumba inaifyonza ardhi kama mtu anayefyonza kinywaji kwa mrija, ila kwa nguvu ndogo sana. Tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na chini ya sakafu ni paskali chache tu, na inatosha. Feni za kutoa hewa jikoni na bafuni zinaongeza mvuto huo. Milango ya gesi ni midogo na ya kawaida mno: ufa kati ya sakafu na ukuta, tundu linamopita bomba la maji, shimo la kukusanyia maji kwenye chumba cha chini ya ardhi, matofali ya zege yenye uwazi katikati ambayo gesi hupanda ndani yake hadi juu. Sakafu mpya nayo si kinga, kwa kuwa zege likikauka hupasuka nyufa nyembamba. Nyumba isiyo na chumba cha chini ya ardhi inaweza kuwa na radoni pia, maana sakafu iliyokalia udongo moja kwa moja ina nyufa zilezile. Ghorofa ya tano au ya sita kwa kawaida iko mbali na chanzo.

Kuna vyanzo viwili vingine, navitaja kwa ufupi. Maji ya kisima kirefu yanaweza kubeba radoni na kuiachia bafuni mtu anapooga. Kwa kadirio la kawaida, pikokuri 10,000 katika lita ya maji huongeza pikokuri 1 hivi katika lita ya hewa ya nyumba. Na vifaa vya ujenzi, hasa vya mawe, hutoa kidogo. Katika nyumba nyingi zenye tatizo, chanzo kikuu ni ardhi.

Ubaya wa tarakimu kubwa

Kisa cha Watras kiliiamsha Marekani. EPA ilitoa mwongozo wake wa kwanza kwa wananchi mwaka 1986, na mwaka 1988 Bunge likapitisha sheria ya kupunguza radoni majumbani. Hata hivyo nadhani kisa hiki, kwa ukubwa wake, kimeacha picha potofu vichwani: kwamba radoni ni hatari ya nyumba chache za ajabu zilizokalia mshipa wa urani. Aliyesikia kuhusu bekereli 100,000, akipima kwake akapata 220, anashusha pumzi. Asishushe.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya tafiti 13 za Ulaya zilizounganishwa, zenye wagonjwa 7,148 wa saratani ya mapafu. Hatari ilipanda kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 za nyongeza kwa mita ya ujazo, na hapakuonekana kiwango ambacho chini yake hatari inakoma. Kwa mtu asiyevuta sigara, uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kufika miaka 75 ulikadiriwa kuwa asilimia 0.4 pasipo radoni, 0.5 kwenye bekereli 100, na 0.7 kwenye bekereli 400. Kwa mvutaji wa sigara ulikuwa asilimia 10, kisha 12, kisha 16.

Zisome tarakimu hizo taratibu, maana zinasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, asiyevuta sigara anayeishi kwenye bekereli 220 hajahukumiwa kifo. Hatari yake binafsi ni ndogo. La pili, radoni na moshi wa sigara vinazidishana ndani ya pafu lilelile, na nyumba ambayo mtu anavuta sigara ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kupima leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa radoni husababisha kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani zote za mapafu, kutegemea nchi. Marekani peke yake, EPA inakadiria vifo 21,000 kwa mwaka, kati yake 2,900 vya watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Vifo hivyo havitoki kwenye nyumba za namna ya Watras, ambazo ni nadra sana. Vingi vinatoka kwenye nyumba za viwango vya chini na vya kati, kwa kuwa humo ndimo watu wengi wanamoishi. Hizo ni nyumba ambazo hazitaamsha king'ora cha mlango wowote. Wenye nyumba wenyewe ndio wa kuanza kupima.

Kupima, na kuelewa ulichopima

Kifaa cha bei nafuu na kinachojulikana sana ni kikopo bapa chenye mkaa ulioandaliwa kunasa gesi. Unakifungua, unakiacha siku mbili hadi saba, unakifunga vizuri na kukipeleka maabara bila kuchelewa. Msisitizo ni kwenye kutochelewa: ukikisahau juu ya kabati siku nne, nusu ya radoni uliyoinasa imeshapotea, na kadiri unavyokawia ndivyo maabara inavyobaki na kidogo cha kuhesabu. Mkaa huo pia hunywa mvuke wa maji, kwa hiyo penye unyevunyevu mwingi matokeo yake hayaaminiki sana.

Kifaa cha pili ndicho ninachokipenda. Ni kasha dogo la plastiki, halina betri wala waya, na ndani yake kuna kipande cha plastiki maalumu kisichozidi ukubwa wa ukucha. Radoni huingia polepole, na kila chembe ya alfa inayokigonga huacha jeraha lisiloonekana. Baada ya miezi mitatu hadi mwaka, maabara hukitumbukiza katika maji ya moto yenye sodiamu haidroksaidi. Kemikali inakula zaidi pale palipojeruhiwa, na kila jeraha linakuwa kishimo kinachoonekana kwa hadubini. Wanavihesabu. Ni ushahidi wa kushikika: kila kishimo ni atomu moja iliyovunjika katika hewa uliyokuwa unaivuta. Na kwa kuwa kimekaa muda mrefu, kinakupa wastani wa maisha yako halisi, madirisha yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, penye mvua na penye jua.

Vipo pia vifaa vya kielektroniki vinavyoonyesha tarakimu kila saa. Vinafaa, ila vinamtaka mtu mwenye subira. Radoni katika nyumba moja inaweza kupanda mara mbili au tatu kati ya alasiri na alfajiri, na kubadilika tena mvua ikinyesha au upepo ukigeuka. Anayeamka usiku kutazama tarakimu atajitia hofu bure, na anayeitazama mchana dirisha likiwa wazi atajipa moyo bure. Tarakimu ya kusoma ni wastani wa wiki na miezi.

Kifaa kiwekwe ghorofa ya chini kabisa ambayo watu wanaishi, katika chumba cha kulala au sebule. Jikoni na bafuni hapafai kwa sababu ya mvuke na feni. Kikae nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, mita moja hivi kutoka dirisha au mlango wa nje, mbali na jua na joto, kisha kisiguswe. Kwa kipimo cha siku chache, funga madirisha na milango ya nje kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na muda wote wa kupima; kuingia na kutoka kama kawaida si tatizo. Hapa wengi huuliza: kufunga nyumba si kulazimisha kipimo kitoke kibaya? Ndiyo, ni kwa makusudi. Kipimo kifupi hakina muda wa kuona siku mbaya na siku nzuri, kwa hiyo kinaiona nyumba ikiwa katika hali yake ngumu, ili kikikuambia pako salama uwe na haki ya kukiamini. Kwa kipimo cha miezi, ishi kama unavyoishi.

Tuseme sasa kipimo cha siku nne kimetoa bekereli 190. Ufanyeje? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, linapendekeza nchi zilenge bekereli 100, na pale isipowezekana zisivuke 300. EPA ina 148. Uingereza ina 200. Umoja wa Ulaya unazitaka nchi zake zisiweke kiwango kinachozidi 300. Kwa hiyo 190 imevuka mistari miwili na haijavuka mingine miwili, na anayeitafutia jibu la ndiyo au hapana atakesha. Maoni yangu ni haya: 190 si dharura, ni swali. Weka kipimo cha muda mrefu, na uamue kwa kile. Kikirudi 180, rekebisha nyumba utakapopata nafasi, hasa kama kuna watoto ambao wana miaka mingi ya kuishi humo. Kikirudi 90, basi siku zile nne zilikuwa mbaya.

Kipimo cha kwanza kikitoa 2,000, usisubiri miezi. Rudia kipimo kifupi palepale, kwa siku chache, ili kuondoa shaka kwamba kifaa kilikosea. Kipimo kikiisha, acha madirisha wazi kadiri inavyowezekana, na kama kuna ghorofa ya juu, watu walale huko. Ukubwa wa tarakimu ndio unaoamua haraka ya kuthibitisha. Kwa Watras hata wiki hazikungojwa.

Kurekebisha

Kampuni ya umeme ya Philadelphia Electric, iliyokuwa ikimiliki kituo cha Limerick, iligharamia kazi ya kuirekebisha nyumba ile, na katikati ya 1985 radoni ilikuwa imeshuka chini ya pikokuri 4. Familia ikarudi kuishi humohumo. Watras mwenyewe baadaye aliingia katika kazi ya kupima na kuondoa radoni kwenye nyumba za watu. Ikiwa nyumba iliyokizidi kiwango karibu mara 700 iliweza kushushwa, mwenye bekereli 190 au 600 hana sababu ya kukata tamaa wala ya kuuza nyumba kwa hofu.

Njia inayofanya kazi kuliko zote inalenga ule mvuto nilioueleza. Fundi anatoboa sakafu, anachimba kijishimo chini yake, anaingiza bomba na kulipandisha hadi juu ya paa, na njiani anaweka feni ndogo inayofanya kazi saa zote. Feni inafyonza hewa iliyo chini ya sakafu, hivyo mgandamizo wa chini unakuwa mdogo kuliko wa ndani ya nyumba. Mwelekeo umegeuzwa: nyufa zilezile zilizokuwa zinaleta gesi sasa zinapeleka hewa ya nyumba chini, na radoni inatolewa juu ya paa inakotawanyika. Ikisanifiwa vizuri inaweza kupunguza radoni kwa kiasi kinachofikia asilimia 99. Feni isiwekwe mahali watu wanaishi, kwa sababu bomba likivuja upande wa juu wa feni, gesi yote iliyokusanywa itasukumwa ndani.

Kuziba nyufa ni msaada wa kazi hiyo, haitoshi peke yake. Gesi itaupata ufa ambao hukuuona, na nyumba itaendelea kupasuka mpya. Kufungua madirisha hushusha radoni wakati yakiwa wazi, na yakifungwa hurudi ndani ya saa chache. Mashine za kusafisha hewa huchuja vumbi na baadhi ya wazao walionasa humo, lakini radoni yenyewe hupita, na kwa hiyo zisihesabiwe kuwa dawa.

Kwenye bomba fundi huacha mrija wa kioo au plastiki wenye umbo la U, ndani yake mna kimiminika cha rangi. Feni ikifanya kazi, upande mmoja umepanda kuliko mwingine. Pande zote mbili zikiwa sawa, feni imekufa, na nyumba imeshaanza kujaa tena. Kuuangalia ni kazi ya sekunde mbili kila unapopita. Lakini mrija huo unaonyesha mvuto tu, hauonyeshi radoni, kwa hiyo baada ya matengenezo pima tena: angalau saa 24 baada ya feni kuwashwa na kabla ya siku 30 kuisha, kifaa kikiwa chumba kilekile na mahali palepale pa mwanzo, ili tarakimu mbili ziweze kulinganishwa. Kisha rudia kila baada ya miaka miwili, na mara moja kila nyumba inapoongezwa chumba, kubadilishiwa madirisha au kuhamishiwa chumba cha kulala ghorofa ya chini.